Joseph Thomson: Mwana wa mwashi wa Uskoti aliyefika Ngong bila vita

ABIRIA anayesafiri kwa matatu kutoka Nairobi kuelekea Kiserian hufika Nkoroi muda mfupi baada ya kuupita mji wa Ongata Rongai. Upande wa magharibi huiona Milima ya Ngong, vilele vyake vimejipanga kama vifundo vya ngumi, na juu yake inazunguka mitambo inayofua umeme kwa nguvu za upepo. Kandokando ya Barabara ya Magadi huona maduka ya vifaa vya ujenzi, nyumba za kupangisha, kuta za mawe na mabango yanayotangaza ploti zinazouzwa.

Ni abiria wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1883, kabla Nairobi haijawa na hata nyumba moja ya bati, kijana wa miaka 25 kutoka Uskoti alizivuka nyanda hizi kwa miguu akiwa na wapagazi zaidi ya mia moja waliotoka pwani. Jina lake lilikuwa Joseph Thomson. Hata wasiomjua humtaja pasipo kukusudia. Swala tomi, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, amepewa jina lake, na mji wa Nyahururu uliitwa Thomson's Falls enzi zote za ukoloni.

Mgeni anayefika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, anaweza kuyapitia maisha ya mtu huyo kwa matembezi ya siku moja ya basi la watalii. Barabara inayofaa ni ile iitwayo A702, inayotoka jijini humo na kuelekea kusini-magharibi. Ajabu ya barabara hiyo ni kwamba huyaanza maisha ya Thomson mwishoni. Kabla basi halijatoka mjini hupita mtaa wa Morningside, yaliko makaburi alimozikwa mwaka 1895. Yapata kilomita mia moja mbele, barabara iyo hiyo hupita katikati ya kijiji cha Penpont, alikozaliwa tarehe 14 Februari 1858.

Baada ya Morningside nyumba huanza kupungua na Milima ya Pentland hutokeza upande wa kulia. Basi huupita mji mdogo wa Biggar, kisha hupanda katika vilima vitupu visivyo na miti, vyenye nyasi fupi na kondoo wenye nyuso nyeusi. Huko nako mitambo ya upepo imesimamishwa juu ya vilima, na mtu wa Nkoroi angeitazama bila mshangao wowote. Hatimaye barabara huingia katika mwanya uitwao Dalveen, ikashuka kwa mikunjo katikati ya miteremko iliyosimama pande zote mbili, na ghafla bonde la Mto Nith likafunguka mbele, kijani kibichi mpaka upeo wa macho.

Watalii wengi huteremka katika Kasri la Drumlanrig, jengo kubwa la mawe mekundu lililojengwa kati ya mwaka 1679 na 1689 kwa amri ya Duke wa kwanza wa Queensberry. Kasri hilo lilivuma duniani mwaka 2003, pale wezi waliojifanya watalii walipoiba humo mchoro wa Leonardo da Vinci, ambao ulipatikana miaka minne baadaye. Kutoka hapo si mbali kufika Thornhill, mji wenye barabara pana iliyopandwa miti, ambako imesimamishwa sanamu ya kichwa na mabega ya Joseph Thomson. Watalii huipiga picha na kurudi ndani ya basi. Wengi wao hawajui alikuwa nani.

Baba yake, William Thomson, alikuwa mwashi. Aliifanyia kazi ya mawe maisha yake yote, na familia ilipohamia Gatelawbridge, karibu na Thornhill, alisimamia machimbo ya mawe mekundu ambayo eneo hilo linasifika kwayo. Joseph alikulia miongoni mwa vumbi la patasi na nyundo. Alijifunza kuyatazama mawe kama mfugaji anavyowatazama ng'ombe wake, yaani kwa ukoo, rangi na umri.

Bonde hilo halikuwa na uhaba wa watu wenye vipaji. Mshairi Robert Burns alilima shamba kandokando ya Mto Nith. Katika kitongoji cha Keir, jirani na Penpont, mhunzi Kirkpatrick Macmillan anatajwa kuwa ndiye aliyeunda baiskeli ya kwanza ya kukanyagwa, yapata mwaka 1839. Mwana wa mwashi naye hakuona ajabu kuwa na ndoto kubwa. Alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh akasoma jiolojia chini ya profesa mashuhuri Archibald Geikie, na mwaka 1878 akamaliza masomo akiwa na sifa njema.

Mwaka huohuo Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilikuwa likiandaa msafara wa kwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani wa Edinburgh, naye alihitaji mtaalamu wa mawe. Thomson aliomba nafasi hiyo akaipata, ingawa hakuwa amewahi kuliona bara la Afrika.

Waliondoka Dar es Salaam Mei 1879. Mnyapara mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani miaka michache kabla ya hapo. Wiki sita tu baada ya safari kuanza, Johnston aliugua tumbo na kufariki dunia Behobeho, mahali ambapo leo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere nchini Tanzania. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21. Hakuna ambaye angemlaumu lau angerudi Dar es Salaam na kupanda meli.

Hakurudi. Alimzika kiongozi wake, akashauriana na Chuma, akaendelea. Alifika Ziwa Nyasa, akafika Ziwa Tanganyika, akaenda hadi Mto Lukuga kuhakikisha kwamba ni kweli maji ya ziwa hilo hutokea huko kuelekea Kongo, na wakati wa kurudi akaliona Ziwa Rukwa. Julai 1880 aliingia Bagamoyo. Katika zama ambazo misafara mingi ilirejea nusu ya watu wake wakiwa wamekufa au wametoroka, wake ulirejea karibu mzima.

Hapo ndipo ilipoanza sifa yake. Alipenda methali moja ya Kiitaliano yenye maana kwamba aendaye taratibu huenda salama, na aendaye salama hufika mbali. Wapagazi wa pwani hawakuhitaji kufundishwa hekima hiyo, kwa kuwa Waswahili wanayo yao kuhusu pole pole na mwendo. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba bila Chuma, mzoefu wa njia na lugha, kijana huyo asingefika popote. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, na Thomson hakupata tena mnyapara wa kiwango chake.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri Thomson kuchunguza habari za makaa ya mawe katika eneo la Mto Ruvuma. Mwana wa mwashi aliyatazama mawe hayo akayakataa. Hayakuwa makaa yanayofaa kuchomwa. Sultani, aliyekuwa na matumaini ya utajiri, hakufurahi, lakini Thomson hakuwa tayari kuliita jiwe jina lisilo lake.

Kisha ikaja safari iliyomleta Ngong. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameijua nchi ya Wamaasai kwa miaka mingi, na misafara yao ya pembe za ndovu ilifika hadi Baringo na nchi ya Waluo na Waluhya. Kwa Wazungu, hata hivyo, njia fupi kati ya Mombasa na Ziwa Victoria ilikuwa bado ni doa jeupe kwenye ramani, na Wamaasai walisemwa kuwa watu wasiopitika. Shirika la Jiografia lilimtuma Thomson kuona kama panapitika.

Aliondoka Mombasa Machi 1883. Msaidizi wake alikuwa baharia wa Malta aliyejulikana kama James Martin, na miongoni mwa wanyapara wake alikuwamo Muinyi Sera, aliyewahi kusafiri na Stanley. Thomson alilalamika kwamba wapagazi hodari walikuwa tayari wamechukuliwa na misafara mingine, na kwamba yeye alibakiwa na makapi ya Zanzibar. Malalamiko hayo yanapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu ni makapi hayo hayo yaliyombeba kwenda na kurudi.

Taveta waligundua kosa ambalo lingeweza kuimaliza safari. Shanga walizokuja nazo hazikuwa zimetungwa kwa urefu unaokubalika katika nchi ya Wamaasai, na mfanyabiashara anayeleta bidhaa isiyotakiwa ni sawa na aliyekuja mikono mitupu. Ilibidi watu wote waketi chini na kuzitunga upya, uzi mmoja baada ya mwingine, kwa maelfu.

Walipoingia umaasaini mwezi Mei walikuta nchi imechafuka. Mbele yao alikuwa ametangulia Mjerumani, Dkt Gustav Fischer, ambaye msafara wake ulikuwa umepigana na Wamaasai na damu kumwagika. Hasira ya wenyeji ilimsubiri Mzungu yeyote ambaye angefuata. Thomson hakuona aibu kukimbia. Usiku wa giza aliukusanya msafara wake, akarudi kimyakimya hadi Taveta, kisha yeye mwenyewe akatembea mpaka Mombasa kutafuta bidhaa na watu zaidi.

Julai alijaribu tena, safari hii akiwa amejiunga na msafara wa mfanyabiashara wa pwani, Jumba Kimameta, aliyeijua njia. Hili nalo halina budi kukumbukwa. Mgunduzi, kama Wazungu walivyomwita, aliingia katika nchi aliyokwenda kuigundua akiwa nyuma ya Mswahili aliyekuwa akienda zake sokoni.

Walipita kaskazini mwa Kilimanjaro, wakavuka nyanda kavu za Amboseli, wakaingia Matapato, kisha Kaputiei, nchi ambayo leo ndani yake umo mji wa Kitengela. Kila penye boma walisimamishwa walipe hongo. Siku hizi neno hilo linatumika kwa fedha chafu anazopewa ofisa mezani au polisi barabarani, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali wa njia, uliolipwa hadharani, mchana kweupe, kwa wenye nchi. Wazee na morani waliketi, shanga na nyaya za shaba zikahesabiwa, ubishi ukafanyika, na mgeni akaruhusiwa kupita.

Morani walimgusa uso, wakamvuta nywele, wakataka kuona miguu yake ndani ya viatu. Thomson alivumilia yote hayo kwa saa nyingi kila siku. Ilipozidi alijifanya mganga, mfano wa oloiboni wa kizungu. Alikuwa na meno mawili ya bandia aliyoyatoa na kuyarudisha mbele ya macho ya watu, na alikuwa na chumvi ya Eno, hii hii inayouzwa madukani hadi leo kwa wenye kiungulia, ambayo aliitia ndani ya maji ili wauone mfoko wake. Ulikuwa ujanja, na yeye mwenyewe hakuuficha alipoandika kitabu chake. Lakini ujanja huo ulichukua nafasi ya bunduki.

Hivyo ndivyo alivyofika mahali alipopaita Ngongo-a-Bagas. Jina hilo ni matamshi ya pwani ya maneno ya Kimaasai yenye maana ya jicho, yaani chemchemi, ya Mto Mbagathi, uleule unaotiririka kati ya Ongata Rongai na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Palikuwa mpaka wa nchi mbili. Upande mmoja nyasi na ng'ombe wa Wamaasai, na upande wa pili msitu na mashamba ya Wakikuyu. Misafara yote ilisimama hapo kununua chakula cha kuwafikisha Baringo, kwa sababu mbele hapakuwa na mashamba.

Watu wa Thomson walikata miiba wakajizungushia boma, wakalala silaha mkononi, wakinunua mahindi, maharagwe na viazi kwa hofu na kwa haraka. Wenyeji wenyewe walikuwa na utaratibu wao. Hata vijana wa pande mbili walipokuwa wakivamiana, wanawake wa Kimaasai na wa Kikuyu waliendelea kupita mpakani na ngozi na vibuyu vyao, kwa kuwa njaa haina upande. Soko lilikuwapo Ngong kabla ya Mzungu wa kwanza kuliandika.

Kutoka Ngong walishuka Bonde la Ufa hadi Naivasha. Thomson alipanda Mlima Longonot akachungulia ndani ya shimo lake, furaha kubwa kwa mtu aliyesomea mawe. Kisha aliacha njia ya biashara akaingia Laikipia akiwa na watu wachache. Milima ya Nyandarua aliipa jina la Aberdare, kwa heshima ya rais wa Shirika la Jiografia, bwana ambaye hakuwahi kuiona. Aliuona Mlima Kenya kwa karibu kuliko Mzungu yeyote kabla yake. Akafika Baringo, akapita magharibi, na Desemba 1883 akasimama kwenye ufuo wa Ziwa Victoria.

Wakati wa kurudi, baada ya kuzuru mapango ya Mlima Elgon, nyati aliyedhani amekwisha kufa aliinuka na kumpiga pembe pajani. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka. Kabla jeraha halijapona alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alibebwa kwa machela, akalala wiki nyingi ndani ya kibanda karibu na Naivasha akisubiri kufa, hadi msafara wa Jumba Kimameta ulipomkuta na kumchukua. Mei 1884 alifikishwa Rabai akiwa mifupa mitupu. Aliyatimiza hayo kabla ya kutimiza miaka 27, na alijivunia hadi mwisho kwamba katika safari hizo hakupigana na wenyeji hata mara moja.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitolewa London mwaka 1885, na mwaka huohuo Shirika la Jiografia likamtunuku nishani ya dhahabu. Mwaka huo pia Rider Haggard alitoa riwaya ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki waliisoma shuleni kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Humo mna Mzungu anayewastaajabisha wenyeji kwa meno yake ya bandia, na wasomaji wa Thomson hawakukawia kuona kisa hicho kilifanana na cha nani.

Umaarufu haukumtuliza. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto na Gwandu, katika nchi ya sasa ya Nigeria, akaileta mikataba iliyoipa kampuni ya Waingereza haki za biashara. Mwaka 1888 alipanda Milima ya Atlas nchini Morocco. Baina ya safari aliandika riwaya, akaandika maisha ya msafiri mwenzake wa Uskoti, Mungo Park, na akafanya urafiki na J.M. Barrie, mwandishi aliyesoma Dumfries na ambaye baadaye alitunga Peter Pan.

Safari ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Mwaka 1890 Cecil Rhodes alimtuma kwenda Katanga kuinasa nchi ya Mfalme Msiri kabla ya Wabelgiji. Njiani ndui iliwashika watu wake, na wanakijiji, kwa haki kabisa, hawakutaka kuwakaribisha wagonjwa. Naye mwenyewe alikuwa amekwisha kuharibika mwili. Aligeuka kabla ya kufika. Hakupona tena. Alijaribu hewa ya Afrika Kusini na ya kusini mwa Ulaya bila mafanikio, akafariki dunia London tarehe 2 Agosti 1895. Alikuwa na miaka 37.

Mwaka huo wa kifo chake ndio unaomhusu mtu wa Nkoroi zaidi ya mwaka wa kuzaliwa kwake. Wiki chache tu kabla Thomson hajafariki, serikali ya Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki, kuanzia pwani hadi Bonde la Ufa. Njia aliyoithibitisha kwa shanga na subira ilikuwa imekwisha kufuatwa na wengine. Askofu James Hannington aliifuata mwaka 1885 akauawa Busoga. Baada yake walikuja wawindaji, kisha kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, kisha wapimaji wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901.

Thomson alikuwa ameiandikia dunia kwamba nyanda za Bonde la Ufa na Laikipia zina nyasi nzuri, maji na hewa ya baridi inayofanana na ya kwao. Ilikuwa kweli. Lakini maneno yaliyoandikwa kwa kustaajabia husomwa pia na wenye tamaa. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, Naivasha ikiwamo, ili wapewe walowezi. Kwa ule wa mwaka 1911 walianza kuondolewa Laikipia nako. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya mataifa mawili, na kwamba mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Waliohamishwa walisogezwa kusini, na Kajiado ikawa sehemu ya kile walichobakishiwa.

Je, Thomson alaumiwe kwa hayo? Hakuchukua ekari hata moja. Hakumpiga risasi mwenye nchi. Tukimlinganisha na wenzake wa zama zile, hasa Stanley, alikuwa mtu mpole. Lakini upole wake haukuibadilisha kazi aliyotumwa. Waliomtuma walitaka kujua kama nchi inapitika, naye akawaletea jibu na ramani. Mkuki wa morani ulikuwa umewazuia wenye bunduki kwa miaka mingi, na aliyepita kwa tabasamu na chumvi ya Eno ndiye aliyewaonyesha mlango ulipo.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba alitoka katika nchi ambayo ingeweza kumfundisha. Mtalii anayetazama bonde la Nith na jimbo jirani la Galloway kupitia dirisha la basi huzipenda kuta za mawe zinazopanda na kushuka vilimani. Zinapendeza machoni. Lakini mwaka 1724, kuta za aina hiyo zilipojengwa Galloway ili mabwana wa ardhi wafuge ng'ombe wa kuuza, wakulima wadogo waliofukuzwa mashambani walikusanyika wakazibomoa. Askari waliletwa, na kuta zikasimama tena. Mwana wa mwashi alikua akiziona kuta za mawe kila siku. Bila shaka alijua umri wa mawe yake.

Hilo ndilo tatizo la mpita njia, awe ndani ya basi la watalii au mbele ya wapagazi mia. Huiona nchi kwa siku moja, akaisifu uzuri, akaenda zake. Hana wakati wa kuuliza ni nani analisha wapi wakati wa kiangazi, wala ni nani aliyehamishwa ili mandhari iwe tulivu hivyo.

Nkoroi ya leo imejaa kuta za mawe. Safari hii hazikujengwa na walowezi. Mashamba ya pamoja yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 yaligawanywa kote Kajiado, vipande vikauzwa na wenyewe, vikagawanywa tena, na seng'enge zikafika hadi nyanda za Kaputiei. Kila mnunuzi ana hati yake, na kila muuzaji alikuwa na karo ya kulipa au ugonjwa wa kutibu. Hakuna anayeweza kumnyooshea kidole Thomson kwa hilo.

Wanyama ndio wanaohesabu hasara bila kuuliza hati. Zamani waliweza kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuenea Kaputiei wakati wa mvua, kisha wakarudi mtoni wakati wa kiangazi. Njia hizo sasa zimezibwa kwa sehemu kubwa. Miongoni mwa wanaofika penye ua na kugeuka ni swala tomi, mwenye jina la kijana aliyetembea toka Mombasa hadi Ziwa Victoria kuthibitisha kwamba nchi hii inapitika.

Thornhill imesimamisha sanamu yake, na Penpont haijamsahau. Huku kwetu hakuna sanamu ya Chuma wala ya Muinyi Sera, wala barabara ya Ngong iliyopewa jina la Jumba Kimameta, aliyemkuta Mzungu akifa kibandani na kumrudisha kwa mama yake. Kaunti ya Kajiado haikosi mahali pa kuyaandika majina hayo. Chemchemi ya Mbagathi, ambapo misafara yote ilisimama kunywa maji na kununua chakula, ingefaa kuwa pa kuanzia.